Kafyu na Mipaka Vikirudi: Jinsi ya Kuipanga Upya Nyumba ya Wageni Malindi

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya kukodisha au gesti ndogo, kuanzia Silversands hadi Mayungu.

Watu wengi wakiona vyumba vitupu hukimbilia kushusha bei. Wakati wa korona dawa hiyo haikugusa ugonjwa, kwa sababu mgeni alikosa njia, si hamu. Tazama Waitaliano. Mwishoni mwa Septemba 2021 Italia ilifungua njia maalumu za watalii kwenda Misri (Sharm el Sheikh na Marsa Alam tu), Maldives, Mauritius, Shelisheli, Jamhuri ya Dominika na Aruba. Kenya haikuwemo. Aliyezoea kufuata jua la Januari Malindi aliweza kulipata kwingine kihalali, na hata ungempa chumba bure usingembadilisha.

Kwa hiyo anza na karatasi. Chora duara tatu, kila moja ndani ya nyingine.

Duara la ndani ni wanaofika bila kuvuka mpaka wa kaunti. Kuanzia Aprili hadi mapema Juni 2020, Kilifi ilipofungwa, hilo lilimaanisha Kilifi mjini, Mtwapa, Mariakani na kwingineko humu humu. Hawa bahari wanayo, usiwauzie ufuo. Wanachotafuta ni kutoka nyumbani: bwawa, kivuli, watoto wachoke. Uza mchana mmoja pamoja na chakula, au usiku mmoja wa Jumamosi.

Duara la kati ni Nairobi na bara, na humo ndimo penye kazi kubwa. Ndege za ndani ziliporudi tarehe 15 Julai 2020, mtu wa Nairobi alitaka mambo mawili kwa pamoja: kupumua na kuendelea na kazi. Hakutaka chumba kwenye korido ya watu wengi. Alitaka nyumba nzima, kwa siku kumi badala ya tatu. Mpe hivi:

Intaneti. Pima kasi ya kupandisha data, si ya kushusha pekee. Watu wazima wawili kwenye mikutano ya video na mtoto mmoja darasani wanahitaji kama Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) za kupandisha. Kuta nene za mawe ya matumbawe humeza waifai, basi weka kifaa cha pili barazani. Unganisha modemu na UPS ndogo (betri ya akiba). Umeme ukikatika mkutanoni, mgeni huyo hatarudi.

Meza ya kazi yenye kimo cha sentimita 75 na kiti chenye mgongo. Kitanda cha kamba ni cha kupigia picha.

Chakula. Kafyu ya saa tatu usiku ilimlazimu mpishi anayekaa Muyeye au Maweni kuondoka ifikapo saa moja na nusu. Pika vinavyovumilia hotpoti: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage. Samaki wa kukaanga usimfungie humo. Mvuke humlainisha na kesho utalaumiwa.

Safari. Matatu ya abiria 14 ilipolazimika kubeba 8, familia nyingi zilitaka gari lao, basi hakikisha una maegesho na bawabu. Nairobi hadi Malindi kupitia Mombasa ni takriban kilomita 600. Mgeni akiondoka saa nne asubuhi, kafyu yaweza kumkuta karibu na Kilifi. Mwambie aondoke kabla ya saa kumi na mbili alfajiri au alale Voi.

Duara hili nalo hukatika ghafla. Tarehe 26 Machi 2021 Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru zilifungwa, Pasaka ikiwa imebaki siku tisa. Hapo ndipo amana huleta ugomvi. Nyumba ya shilingi 9,000 kwa usiku, siku tano, ni 45,000. Chukua asilimia 30, yaani 13,500, na uiweke kwenye akaunti ya pembeni mpaka mgeni aingie. Ukishainunulia mabati, huna cha kurudisha. Andika mapema: serikali ikifunga njia, mgeni achague kurudishiwa yote au kuhamisha tarehe ndani ya miezi 12. Akighairi mwenyewe, mabadiliko ni bure hadi saa 48 kabla.

Duara la nje ni ng'ambo. Kabla ya kuuliza masharti ya kuingia Kenya, uliza ya kurudi kwao. Kuanzia tarehe 9 Aprili 2021 hadi 22 Septemba, mkazi wa Uingereza aliyetoka Kenya alifungiwa hotelini siku kumi kwa gharama yake. Mwanzoni ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, na hiyo yaweza kupita gharama ya likizo yenyewe. Msimu wa namna hiyo usichome pesa kwa matangazo huko. Tunza orodha ya wageni wa zamani, na sharti likibadilika waandikie siku hiyo hiyo, kwa lugha yao, mistari mitatu: kilichofunguliwa, kipimo kinachotakiwa na saa zake, na gharama ikiwa kipimo cha kurudi kitaonyesha ana virusi. Huo wa tatu ndio unaosahaulika, nao ndio unaomtia hofu zaidi. Taja bei kabisa: kwa mfano, nusu ya bei ya kawaida kwa kila usiku wa kujitenga, chakula kikiachwa mlangoni.