Somo: Kukagua risasi zilizojazwa upya kabla ya kwenda nazo mashindanoni

Assalaam aleikum, wanashabaha wenzangu. Maswali yanayonijia siku hizi yanafanana: risasi imekataa kulia, bastola imekwama katikati ya mzunguko, au matundu yametawanyika juu na chini kwenye shabaha na mpigaji anaapa mkono wake haukutikisika. Wengi wanaouliza ni vijana wetu wa Unguja na Pemba walioko Afrika Kusini, wanaoshindana kwa bastola chini ya kanuni za IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo), na wachache walioko Uingereza wanaopiga bunduki za masafa marefu kule Bisley, kwenye viwanja vya shabaha. Mara nyingi bunduki haina kosa lolote. Kosa limo ndani ya risasi, na lilikuwa linaonekana mezani kabla ya safari.

Kabla ya yote: hapa nyumbani silaha na risasi ni mambo ya leseni, asithubutu mtu kujaza risasi chumbani kwake bila ya idhini. Somo hili ni la kukagua. Hamtokuta humu kipimo cha baruti. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha aliyetengeneza baruti hiyo, na hakibahatishwi wala hakiazimwi kwa rafiki.

Hatua ya 1: Tenga mafungu

Usichanganye maganda, yaani vile vikopo vya shaba vinavyobeba baruti. Yapange kwa alama ya kiwanda iliyopigwa kitakoni, na kwa idadi ya mara yalizokwishapigwa. Kila fungu liwe na karatasi yake ndani ya boksi: tarehe, baruti na namba ya toleo lake, fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), kichwa (kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha), na ganda limetumika mara ngapi. Likitokea tatizo uwanjani utajua lipi la kuliweka kando. Asiye na karatasi hiyo hulazimika kutilia shaka kila risasi aliyonayo.

Hatua ya 2: Ganda

Hapa msiharakishe. Ganda ni shaba ya njano, takriban asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Kila likipigwa hutanuka, kila likirudishwa kwenye kipimo hubanwa, na shaba inayotanuliwa na kubanwa mara nyingi huwa ngumu na kupasuka. Anza mdomoni: zungusha ganda chini ya taa uangalie ufa mwembamba unaoshuka kutoka ukingoni. Ukiuona, ganda hilo limekwisha, libonye kwa koleo ili lisirudi kundini.

Kwa maganda marefu ya bunduki, hatari kubwa iko chini, juu kidogo ya kitako. Shaba huvutika na kupungua unene sehemu hiyo mpaka ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Dalili ya nje ni mstari unaong'aa uliozunguka ganda, mweupe kuliko sehemu nyengine. Lakini msingoje mstari. Chukua waya mwembamba, unyooshe, ncha yake uikunje kidogo na uichonge iwe kali. Uingize ndani ya ganda tupu mpaka chini, kisha uuvute juu taratibu huku ncha inagusa ukuta. Kwenye ganda zima, ncha inapanda bila ya kizuizi. Kwenye ganda lililochoka, karibu na kitako ncha inatumbukia ndani ya mfereji na kukwama, unausikia vidoleni hata kama jicho halijaona kitu. Ganda hilo halipigwi tena.

Tazama pia tundu la fataki. Fataki ikiingia kwa wepesi bila ya kukaza, kitako kimeshatanuka. Tupa.

Hatua ya 3: Fataki

Pitisha kidole kitakoni. Fataki inatakiwa ikae chini kidogo ya usawa wa kitako, isijitokeze. Njia nyengine: simamisha risasi juu ya kioo cha meza, inayoyumba ina fataki iliyochomoza. Fataki ya namna hiyo ndiyo inayokataa pigo la kwanza na kulia kwa pigo la pili, kwa sababu pigo la kwanza limeisukuma tu ikae mahala pake. Katika silaha inayojipakia yenyewe kuna baya zaidi, inaweza kulia kabla chemba haijafunga sawasawa.

Hatua ya 4: Baruti

Makosa mawili hapa ndiyo yanayoumiza watu: ganda kukosa baruti, na ganda kutiwa mara mbili.

Risasi isiyo na baruti hailii. Hutoa sauti ndogo kama chupa ya soda inayofunguliwa, na mkono hausikii teke. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kiingie mtutuni kikwame humo. Mpigaji akivuta tena, risasi ya pili inakikuta kile kilichokwama, na mtutu unavimba au unapasuka. Iliyotiwa mara mbili haina onyo hata hilo dogo.

Kinga ni kuangalia ndani ya kila ganda kabla ya kichwa kutiwa. Maganda yakae kwenye ubao wa matundu, yote wima, na tochi ipite juu ya safu moja baada ya nyengine. Jicho linatambua upesi ganda ambalo usawa wa baruti umepanda au kushuka kuliko la jirani. Mimi napendelea baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, kwa sababu ukitia mara mbili inamwagika na kosa linajitangaza. Ile inayokaa kidogo chini ya ganda la 9 mm inaweza kutiwa mara mbili na bado kichwa kikakaa vizuri juu yake.

Msitegemee kupima uzito wa risasi iliyokwisha kufungwa. Baruti ya bastola ni greni (kipimo kidogo cha uzito) chache tu, na maganda ya viwanda tofauti yanapishana kwa greni chache hizo hizo. Mizani itakuonesha tofauti na hutojua imetoka wapi.

Kisha kuna kukatizwa. Ikiadhiniwa au simu ikilia, malizia ganda lililo mkononi, weka alama kwenye ubao, ndipo uondoke. Aliyeondoka bila ya alama aanze ukaguzi wa ubao mzima upya.

Hatua ya 5: Kichwa na urefu

Pima urefu wa risasi kwa venia (kipimo cha mkono chenye taya mbili), kisha bonyeza ncha ya risasi kwa nguvu kwenye ukingo wa meza ya mbao na upime tena. Urefu ukipungua, ganda halikukishika kichwa. Kichwa kikirudi ndani, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda sana. Fungu lote lisimame mpaka ujue sababu.

Hatua ya 6: Chemba

Kwa bastola, fungua silaha utoe mtutu. Mtutu ukiwa peke yake mkononi, dondosha risasi ndani ya chemba. Iingie kwa uzito wake, izunguke kwa kidole, na ukiupindua mtutu ianguke yenyewe. Isiyofanya hivyo itakukwamisha siku ya mashindano. Risasi za mashindano pitisheni zote, moja moja.

Hatua ya 7: Kasi

Katika IPSC, uzito wa kichwa kwa greni huzidishwa kwa kasi ya futi kwa sekunde, jawabu ikagawiwa kwa 1,000. Daraja la Minor linataka isipungue 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kwa sekunde, yaani kama mita 320, unapata 130.2. Kikienda futi 1,000 unapata 124.0, na hapo unaruhusiwa kumaliza kupiga lakini alama huzipati. Safari, ada na mazoezi yote yamepotea kwa futi chache. Pima kasi ya fungu lako mapema, na ubakishe nafasi juu ya mpaka.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Durban: Maalim, nyumbani Mji Mkongwe tulikuwa tukisugua njumu za mlango kwa dawa ya kung'arisha shaba, zinawaka. Naweza kuyasafishia maganda?

Hapana, sheikh wangu, kama dawa hiyo ina amonia. Kwenye njumu haina neno, kwa sababu njumu haibebi shinikizo. Ganda lina mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu lilipovutwa kiwandani, na amonia ikikutana na mkazo huo shaba inapasuka. Jeshi la Waingereza nchini India liliyaona hayo katika karne ya 19. Risasi ziliwekwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, zile mvua zinazopelekwa huko na kusi yetu hii hii, na maganda yakapasuka bila ya kupigwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1921 ulieleza kuwa sababu ni amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha kabisa. Na ganda kung'aa si dalili ya uzima, tazama hatua ya 2.

Dada wa Wete, yuko Pretoria: Nikisikia ile sauti ndogo na saa inakimbia, nikivuta tena haraka si nitaokoa sekunde?

Usivute, dada yangu. Simama, mtutu uelekee shabaha. Msimamizi akikusimamisha kwa kudhani kichwa kimekwama, na ikaonekana mtutu u wazi, kanuni za IPSC zinakupa kurudia zamu. Kikiwa kimekwama kweli, hurudii na alama ni za ulizokwishapiga. Hasara hiyo ikubali. Vidole vyako vina thamani kuliko zamu yoyote.

Mwanachama, Chake Chake: Na hizi .22 za shabaha ya mita 50, nazo hujazwa?

Hazijazwi. Kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa kitako, hakuna fataki ya kutoa na kubadilisha. Kwa .22 kazi yako ni kujaribu matoleo mbalimbali kwenye mtutu wako, ununue kwa wingi lile linalokubali.

Mwanachama, London: Kwa yadi 1,000 matundu yangu yanapanda na kushuka, kulia na kushoto yako sawa. Baruti napima kwa mizani ya umeme, kila ganda.

Kama kulia na kushoto umetulia, upepo unausoma vizuri. Tafuta tofauti za kasi. Swali langu la mwanzo: mizani iko wapi? Feni ikizunguka juu yake, au dirisha likiwa wazi, namba inacheza na wewe unaiamini. Zima feni, iache mizani iwake kwa muda ipate kutulia, na kila baada ya maganda machache rudisha jiwe la kupimia uone kama inasema kweli. Baada ya hapo angalia shingo za maganda. Yaliyopigwa mara mbili yakichanganywa na yaliyopigwa mara nane, kila moja linakishika kichwa kwa nguvu yake, na kasi haiwezi kulingana. Jengine ni joto: risasi zilizokaa kwenye gari juani zinakwenda kasi kuliko zilizokaa kivulini. Ziweke kivulini, na usiiache risasi ndani ya chemba ya moto huku unangojea upepo.

Mwanachama, Durban: Nina boksi moja nililolitilia shaka, karatasi yake imepotea. Nifanyeje nalo?

Usilipige, na usimpe mtu mwengine akalipige. Usilitupe kwenye taka wala kulichoma moto. Liandike kubwa "LISIPIGWE", lifungie peke yake, kisha ulipeleke kwenye klabu yako. Viwanja vingi vina sanduku la risasi mbovu, na kama chenu hakina, waulize polisi wa hapo jinsi ya kulikabidhi. Kuvunja moja moja kwa nyundo ya kuchomolea vichwa kunawezekana, miwani usoni, lakini baruti utakayoitoa isirudi kwenye mkebe wowote, kwa sababu hujui ni ipi.