Kabla hujabuku safari ya skii Alps, zisome vizuri hizo namba za theluji

Kila ikifika mwezi wa tisa au wa kumi watu wanaanza kuulizana ni wapi kwenye milima ya Alps, kule Ulaya, kuna theluji nyingi, mtu anafungua jedwali mtandaoni, anaona kituo hiki cha skii kinapata theluji mara mbili ya kile, basi anachukua chenye namba kubwa na kulipia hoteli siku hiyohiyo. Taratibu kwanza. Jiulize unatokea wapi, maana walioko Munich au Zurich wana raha zao, Alhamisi wanaangalia utabiri na Ijumaa jioni wako barabarani. Wewe wa Nairobi, Dar au Muscat hiyo nafasi huna. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, unatakiwa ulipeleke mapema, mlango unafunguliwa miezi 6 kabla ya safari na ukibakiza chini ya siku 15 umechelewa, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hapo bado tiketi, bado hoteli, bado kusaka tarehe ya miadi ubalozini ambayo nayo ni kazi ya peke yake. Utabiri wa theluji ukishavuka wiki moja unakuwa wa kubahatisha tu. Yaani unalipia mlima wakati hakuna mtu duniani anayejua kama theluji itakuwepo.

Ndiyo maana mimi naanzia kwenye mwinuko kutoka usawa wa bahari, sentimita za theluji baadaye. Chukua Zermatt, Uswisi. Imezungukwa na milima mirefu inayokamata mawingu kabla hayajafika, kwa hiyo kijijini hapashuki theluji ya kutisha, lakini kijiji kiko kama mita 1,600 na lifti za kupandisha watu mlimani zinafika mpaka 3,883 kwenye barafu ya kudumu, huko juu theluji ikishaanguka haina haraka ya kuondoka, watu wanateleza mwaka mzima. Halafu chukua Lech, upande wa Arlberg kule Austria, yenyewe upepo wenye unyevu kutoka kaskazini magharibi unaipiga moja kwa moja na theluji inamwagwa haswa, ila kijiji kiko chini kidogo ya mita 1,500, joto likija linakula. Kwenye jedwali Lech inamshinda Zermatt, kwenye mipango ya mtu anayelipa miezi 4 kabla mimi namshauri Zermatt, au kama mfuko haukubali (na Zermatt ni ghali, tusidanganyane) basi Val Thorens ya Ufaransa ambayo kijiji chenyewe kiko mita 2,300.

Kitzbühel, nayo ya Austria, ni pazuri, jina kubwa, mji uko kama mita 760 tu na juu kabisa ni 2,000. Joto linashuka kama nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo siku ileile mjini inaweza kuwa nyuzi 5 na mvua, huku kileleni ni theluji safi. Ukiwa mzoefu unapanda lifti unasahau. Ukiwa ndo mara ya kwanza unavaa vile viatu vigumu, angalia kiwanja cha kujifunzia kiko wapi, maana vituo vingi wanakiweka chini karibu na hoteli na ile theluji ya mita 2 inayotangazwa ya kileleni haikuhusu kabisa. Zermatt wanaoanza wanapelekwa Sunnegga, karibu mita 2,300, Val Thorens wanajifunzia palepale kijijini. Hili watu hawaulizi na ndo linaloharibu likizo za wengi.

Sasa kuhusu namba zenyewe. Jumla ya msimu, kina cha leo na theluji mpya ni vitu vitatu tofauti na matangazo yanavichanganya makusudi, sijui kama ni makusudi lakini yanavichanganya. Jumla ya msimu inahesabu kila kilichoanguka tangu mwanzo hata kama kiliyeyuka siku iliyofuata. Kina cha leo kinatolewa mara mbili, juu na chini, wewe soma cha chini. Theluji mpya nayo inajikandamiza, nusu mita ya leo baada ya siku chache sio nusu mita tena. Na usitegemee sana mashine za kutengeneza theluji, zinataka baridi ya chini ya sifuri, joto likizidi hazifanyi kitu. Januari 2023 joto lilivyopiga Alps, mashindano ya skii ya Adelboden, Uswisi, yalifanyika kwenye utepe mweupe wa theluji ya kutengenezwa, pembeni huku na huku majani ya kijani.

Tarehe: Krismasi usiende kituo cha chini ya mita 1,500. Februari kuna theluji ila likizo za shule za Ufaransa zinajaza kila kitu, bei juu. Machi kwenye vituo vya juu napapenda zaidi, jua refu na theluji bado ipo.

Theluji nyingi mno nayo ni shida. Januari 2018 Zermatt ilifungwa, barabara na treni, watalii kama 13,000 wakakwama. Acha siku moja ya ziada kabla ya ndege ya kurudi, na angalia kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji, kinaenda 1 mpaka 5, Uswisi taasisi ya utafiti wa theluji ya SLF, iliyoko Davos, inakitoa kila jioni saa 11. Bima ya viza ya euro 30,000 isome, nyingi hazigusi skii wala helikopta ya kukutoa mlimani, unaongezea.

Wiki ya mwisho fungua kamera za kituo mchana, tazama mapaa na matawi, yakiwa meupe theluji ni ya juzijuzi, halafu hesabu lifti zilizo wazi. Ukikuta chini ni tope, usighairi, ulizia tiketi inayokupandisha jirani: aliyelala Morzine kwenye mita 1,000 anapanda Avoriaz, mita 1,800, kwa tiketi ileile ya Portes du Soleil, eneo la skii linalounganisha vituo hivyo, ila hakikisha umenunua hiyo ya eneo zima na sio ya kijiji kimoja.