Jinsi ya kuomba upya leseni ya mwaka ya daktari wa upasuaji

Jina lako huenda likakaa katika rejista ya madaktari bingwa miaka yote, lakini leseni inayokuruhusu kumpasua mgonjwa hukoma kila Desemba 31, na hata ushirika (fellowship) wa COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao yake Arusha, hauchukui nafasi yake. Maombi hufanywa mtandaoni kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, kwa hivyo anayeishi Kisumu au Bungoma hana haja ya kupanda basi la usiku hadi Nairobi, isipokuwa mfumo umlazimishe.

Fomu haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni alama za CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma, ambazo ni lazima zifike 50 kwa mwaka. Kuhudhuria mafunzo ni jambo moja, na alama kuonekana katika akaunti yako ni jambo jingine kabisa. Mimi nilihudhuria warsha mjini Kisumu ambayo waandaaji wake walipitisha karatasi ya mahudhurio mkono kwa mkono, wakanakili baadaye nambari zetu za usajili, na tarakimu za nambari yangu zikapinduliwa njiani. Nilipowapigia simu niliambiwa kwamba mhusika yuko likizoni. Aliporejea, ikawa karatasi ndiyo iliyosafiri. Marekebisho yalikuja baada ya barua, nakala ya cheti na subira ambayo hakuna chuo cha udaktari kinachoifundisha.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa ada ya warsha yoyote, uliza kama mwandaaji ameidhinishwa na Baraza na shughuli hiyo ina alama ngapi. Andika nambari yako kwa hati inayosomeka, ingawa najua ninawaambia madaktari, kisha ipige picha karatasi hiyo na usitoke ukumbini bila cheti. Kagua akaunti wiki chache baadaye, wakati mwandaaji bado anakumbuka sura yako. Anayengoja Desemba atakuta nchi nzima imekumbuka siku moja, mfumo unajikokota na simu hazipokelewi.

Bima ya dhima ya kitaaluma, ile ya kukukinga mgonjwa akikudai fidia, isome kabla ya kuipakia kwenye ombi: iwe hai, jina lifanane na lililo katika rejista, na ikutaje kama daktari wa upasuaji, kwa sababu hatari za chumba cha upasuaji si zile za daktari wa kawaida na kampuni za bima zinalijua hilo vyema.

Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni. Pesa zikitoka kwenye M-Pesa na ombi likasalia kuonyesha deni, usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa muamala na uliandikie Baraza kwanza. Leseni ikishatoka, litafute jina lako katika rejista ya umma kwenye tovuti ya Baraza na uhakikishe taaluma yako imeandikwa sawasawa, maana huko ndiko mwajiri makini atakakokagua hata ukimwonyesha karatasi.