Kunoa kisu cha VG-10 hadi uzi utoke

VG-10 ni chuma cha pua cha Kijapani kinachotengenezwa na Takefu Special Steel, mkoani Fukui. Kina kaboni takriban asilimia 1 na kromi takriban asilimia 15, pamoja na kobalti, molibdeni na vanadi kidogo. Visu vyake huwa na ugumu wa 60 hivi kwa kipimo cha Rockwell C. Ndiyo maana makali yake hudumu, na ndiyo maana humeguka badala ya kupinda. Kile chuma cha kunolea chenye mifereji, cha wauza nyama, kiweke mbali nacho.

Chukua kinoo cha maji namba 1000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi). Kama ni cha kulowekwa, kizamishe dakika 10 hadi 15, mpaka viputo viishe. Laza kisu, kisha inua mgongo: kwa bapa la upana wa milimita 45, mgongo ukiwa milimita 12 juu ya kinoo umepata pembe ya nyuzi 15. Huna uhakika? Paka makali wino wa maka peni, sugua mara mbili, utazame. Wino ukifutika kwa juu tu, mgongo umeshuka mno. Ukifutika kwenye ukingo wenyewe tu, umeuinua mno.

Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, kuanzia kisigino hadi ncha. Kisha geuza.

Uzi huo ndio unaowashinda wengi. Wa VG-10 hung'ang'ania: unalala huku, unalala kule, haung'oki. Kisu kinachana karatasi leo, kesho kinateleza juu ya nyanya, na lawama anabebeshwa fundi aliyekipa chuma ugumu kwa moto. Punguza nguvu: sugua mara tano kila upande, halafu tatu, halafu moja moja, ukisukuma makali yatangulie kwa uzito wa kisu tu. Rudia kwenye namba 3000 au 6000, kata kizibo cha chupa mara mbili, umalizie kwa misuguo michache. Pitisha makali kwenye pamba. Ikinasa popote, uzi bado upo, au kuna pengo, yaani mahali makali yamemeguka.

Pengo dogo huondoka kwa namba 400. Mapengo mengi hutokana na mifupa, samaki wa barafu, au kukipinda kisu kikiwa kimezama ndani ya boga.