Chora kisiwa kwanza: kuanza kutengeneza modi (nyongeza zako mwenyewe) za gemu ya Wesnoth

Vijana wanaonijia hapa Majengo na laptopu zao huanza na swali lilelile: "Kaka, nitamuingizaje askari wangu mwenyewe kwenye gemu?" Askari angoje. Chora ramani kwanza.

Gemu ninayofundishia ni Battle for Wesnoth, gemu ya vita inayochezwa kwa zamu, iliyoanzishwa na David White mwaka 2003. Ni ya bure, mashini kuukuu inaiweza, na karibu kila kitu chake kimeandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua akayasoma. Ukishaipakua, huhitaji bando kuicheza.

Cheza mechi mbili tatu, kisha rudi ukurasa wa mwanzo ufungue kihariri cha ramani. Uwanja wote ni vigae vya pembe sita. Mimi huwaambia wachore Mombasa, kwa sababu hakuna haja ya kumueleza mtoto wa hapa Kilindini iko upande gani. Kilindini weka maji ya kina kirefu, kingo za Tudor maji ya kina kifupi, ufuo wa Nyali mchanga. Mji wa Kale ujaze vijiji. Fort Jesus iwe kasri, na katikati yake kigae cha ngome, maana kiongozi haajiri askari mpaka asimame hapo.

Sasa ijaribu. Askari wa kawaida wa miguu hapiti kabisa maji ya kina kirefu. Ya kina kifupi humla hatua 3 kwa kila kigae, mchanga 2. Basi Likoni, ambako kwenye gemu hakuna feri, inakuwa ya nguva, askari wa gemu wanaoogelea, na wengine wachache wanaoweza kuvuka maji. Makupa nayo, njia ya kuingilia kisiwani, ukiichora kigae kimoja kwa upana, wenye mikuki wachache watakaa pale na mechi itaganda hadi usiku wa manane. Mimi huipanua iwe vigae vitatu. Atakayelalamika kwamba Makupa haiko hivyo, mwambie achore yake.

Weka alama za mahali wachezaji wanapoanzia, hifadhi, kisha anzisha mechi ya kompyuta moja. Utaikuta kwenye orodha ya ramani zako, na bado hujaandika msimbo hata mstari mmoja.

Haya, askari. Faili za gemu yenyewe zisome na uzinakili, lakini usizibadilishe, kwa sababu toleo jipya likija litafuta kazi yako. Kitufe cha toleo kwenye ukurasa wa mwanzo kitakuonyesha folda yako ya data iko wapi. Humo ingia data, halafu add-ons, uunde folda ya Mombasa yenye faili ya _main.cfg. Hiyo ndiyo inayoiambia gemu ikasome nini. Namna ya kuiandika, pakua nyongeza ndogo ya mtu mwingine uone alivyofanya. Utaelewa haraka kuliko nikikuhutubia. Anayetumia Windows ahakikishe Notepad haijabandika .txt mwishoni mwa jina.

Kisha tafuta faili ya Spearman, yule askari wa mkuki. Utaona cost=14 na hitpoints=36, na mkuki unaopiga 7 mara 3. Inakili kwenye folda yako, badilisha id, jina ambalo gemu inamtambulia, iwe AskariNgome, picha iache ileile kwa sasa. Ukimpandisha uhai hadi 50, mpandishe na bei, la sivyo hakuna atakayenunua mwengine. Ukimtaka mvamizi wa usiku, alignment iwe chaotic: atapata asilimia 25 zaidi ya nguvu gizani na kupoteza kiasi hichohicho mchana.

Kila lebo uliyoifungua kwa mabano ya mraba ifunge kwa mabano yenye mkwaju (/). Ukisahau, gemu itakutajia faili na mstari wenye kasoro. Soma ujumbe huo kabla hujanipigia simu, tafadhali.

Huna haja ya kuzima gemu kila ukibadilisha kitu. Ukiwa ukurasa wa mwanzo bonyeza F5. Ndani ya mechi andika :debug, chagua kigae kitupu, andika :create AskariNgome, naye atatokea papo hapo.

Kumpa rafiki, bana folda nzima uitie kwenye flashi. Ukitaka kuipandisha kwenye seva ya gemu, ondoa kwanza picha zote ulizookota mtandaoni. Zinazobaki ziwe zako au zenye leseni inayoruhusu.