Kabla Mvua Ndefu Haijashuka, Chambua Rodi Zako za Zamani

Rodi ya kuchomelea haiharibiwi na miaka, inaharibiwa na maji. Pakiti iliyokaa miaka mitano mahali pakavu bila kufunguliwa huenda ikakufaa kuliko ile uliyoifungua Jumatatu ukaiacha mezani wiki nzima ya mvua. Sisi wa Kisumu tuna ziwa mlangoni, na asubuhi za Aprili hata msasa unanyauka mkononi. Ndiyo maana mimi humwaga mabaki yangu yote mezani mwishoni mwa Februari.

Anza kwa kusoma namba, iliyopigwa kwenye ganda (ule unga mgumu unaozunguka waya wa rodi) karibu na ncha inayoshikwa na holda, yaani kishikio cha rodi. Katika vibanda vingi vya jua kali utakuta E6013, ya mageti na grili. Tarakimu mbili za kwanza ni nguvu ya mshono: 60 maana yake pauni 60,000 kwa kila inchi mraba, 70 ni pauni 70,000. Mbili za mwisho zikisomwa pamoja zinakwambia aina ya ganda, na ganda ndilo linaloamua kama rodi iliyonyonya unyevu itaokoka. Isiyosomeka namba mpe mwanafunzi ajifunzie. Usiipe kitu kinachobeba mzigo.

Kisha tazama na usikilize. Ganda likipukutika, au ukiona kutu ya waya imejitokeza chini yake, hiyo imekwisha, usihangaike nayo. Unga mweupe juu ya ganda ni dalili kwamba unyevu na hewa vimeshaingiliana na silikati inayolishikilia. Kwa rodi ya kazi nzito, tupa. Gonganisha mbili taratibu: kavu hulia kwa sauti kali ya chuma, mbichi hutoa mlio uliozibwa. Si kipimo cha maabara, lakini masikio ya fundi hayadanganyiki sana.

Kukausha ndiko wengi wetu tunakoharibu, kwa sababu tunadhani joto ni joto. E6013 haina makuu: karibu nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa moja hivi inatosha, ukizitoa kwenye pakiti na kuzitandaza. E6010 na E6011 usizikaushe kabisa. Ganda lake ni la selulosi na linahitaji unyevu kidogo ili moto uchimbe vizuri. Ukilioka umeua nguvu yake. E7018, ile ya kazi nzito, ndiyo yenye masharti. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, AWS D1.1, inataka iokwe kati ya nyuzi 260 na 430 kwa angalau saa mbili, na kuokwa huko ni mara moja tu. Oveni nyingi za nyumbani hukomea nyuzi 250, kwa hiyo hata mama watoto akikubali (hatakubali), haitoshi.

Mimi nililipa ada ya somo hilo. Nilianika E7018 kandokando ya jiko la makaa mpaka zikawa moto mkononi, nikaridhika, nikachomelea nazo kiungo cha tela la miwa. Mshono ulikuwa mzuri wa kupiga picha. Siku ya tatu mwenye tela alirudi na ufa uliopita pembeni mwa mshono, na nikarudia kazi yote bure. Maji yaliyofichika kwenye ganda hupasuliwa na moto, yakatoa haidrojeni, nayo ikapenya kwenye chuma. Chuma kikiwa kinene au kigumu, nayo haidrojeni imenaswa ndani, ufa unaweza kuja saa 48 au zaidi baada ya kazi kupoa. Kwa hiyo kama huna oveni ya rodi, nunua E7018 ya kazi ya siku hiyo tu, ufungue pakiti ukiwa tayari, ukikumbuka kwamba kanuni hiyohiyo huipa E7018 ya kawaida saa nne tu hewani.

Mahali pa kuhifadhi hapahitaji fedha nyingi. Bomba la plastiki la inchi nne lenye vifuniko pande zote mbili linameza rodi za milimita 350 bila shida. Liweke juu ya mbao, si juu ya sakafu ya saruji. Friji iliyokufa nayo ni kabati zuri ukitoboa matundu madogo ya hewa na kuwasha ndani balbu ya zamani ya wati 60. Ya LED haifai, haitoi joto la maana. Hilo kabati linatunza ukavu tu. Halikaushi rodi iliyokwisha kulowa.

Usisahau mwili wako. Rodi iliyolowa na glavu iliyolowa hupitisha umeme, na ukiwa umesimama kwenye matope ya Machi wewe ndiye waya.

Kabla ya kuzirudisha kazini, chukua vipande viwili vya chakavu, vichomelee upande mmoja, kisha vipige nyundo mpaka mshono uvunjike. Ukiona vitundu ndani kama mandazi yaliyoumuka, fungu hilo halishiki geti la mtu. Pondaponda ganda litoke, ukunje waya uwe kulabu za kutundikia glavu zikauke.