Jinsi ya kumuuguza ndugu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Ndugu wengi wanaokuja kuuguza humwacha mgonjwa alale tu, na kumbembeleza ale. Baada ya upasuaji wa tumbo, mambo hayo mawili yanaweza kumdhuru. Anakuhitaji zaidi kwenye kupumua, kukohoa na kutembea.

Hatua ya 1: Teueni msemaji mmoja

Ukoo mzima ukiuliza, kila mtu huondoka na jibu lake. Msemaji awepo daktari anapopita raundi, na daftari mkononi: amefanyiwa nini, ana dawa gani za presha au sukari, lini ataruhusiwa kunywa.

Hatua ya 2: Mhimize kupumua na kukohoa

Nusukaputi na maumivu humfanya apumue juujuu. Makohozi yakibaki kifuani, nimonia huingia. Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu kwa pua, aishikilie kidogo, aiachie taratibu, mara 10 hivi. Kisha akohoe. Ataogopa mshono usifumuke, kwa hiyo kunja kanga iwe nene, aikumbatie juu ya mshono kwa mikono miwili, aibane, ndipo akohoe. Maumivu yakimzuia, mwite muuguzi ampe dawa, mrudie ikishafanya kazi. Tafadhali msimsifu kwa kuvumilia kimya, maana anayeumia hapumui vizuri wala hasogei.

Hatua ya 3: Mwinue kitandani

Uliza kwanza kama ameruhusiwa; wengi huanza siku inayofuata upasuaji. Usimvute mikono akiwa chali, tumbo lote hukaza. Akunje magoti, ageukie ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Ateremshe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko. Akae ukingoni mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Mfuko wa mkojo ubebe wewe, chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Siku ya kwanza kufika kwenye kiti kunatosha. Kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni, na husaidia utumbo kuamka.

Hatua ya 4: Chakula kwa ruhusa

Hotpoti isubiri. Wengine huruhusiwa kunywa mapema, wengine huambiwa wangoje, hasa waliounganishwa utumbo. Akijamba, furahini, maana utumbo umeanza kuamka, na mumwambie muuguzi. Aanze na maji kidogo kidogo, uji mwepesi, halafu mtori. Mayai, samaki na maharage vifuate, kwa kuwa kidonda kinahitaji protini. Tumbo likivimba au akitapika, acheni kumlisha na mtoe taarifa.

Hatua ya 5: Mzee akianza kuongea ovyo

Hapa ndipo minong'ono ya kurogwa na mashetani huanza, na muda wa thamani hupotea. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji huwapata wazee wengi. Huenda chanzo ni maambukizi, upungufu wa oksijeni, mkojo kuziba, maumivu, au dawa zenyewe. Mwambieni muuguzi papo hapo. Mvalisheni miwani yake, fungueni pazia mchana, na akae naye mtu anayemfahamu vizuri: "Baba, upo hospitali, umeshafanyiwa upasuaji, mimi mwanao nipo hapa." Msibishane naye.

Hatua ya 6: Siku ya kuruhusiwa

Msiondoke bila kujua tarehe ya kutoa nyuzi, ya kliniki, na namna ya kutumia kila dawa. Ndoo ya maji, gunia na mtoto wa kubeba aviache kwa wiki 6 hivi, au kadiri daktari atakavyosema. Kidonda kisipakwe mitishamba wala majivu.

Mrudisheni siku hiyohiyo, hata usiku, akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, usaha au harufu kwenye kidonda, mshono kuachia, kutapika mfululizo, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Akibanwa pumzi ghafla au kifua kikimuuma, tafuteni gari saa hiyohiyo.